Mwongozo Kamili wa Kutumia Mwanga Mwekundu kwa Ngozi na kwa Misuli Iliyochoka

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu taa za mwanga mwekundu ni hili: "Nimeitumia mwezi mzima, mbona sioni kitu?" Nami hujibu kwa maswali mawili: taa ilikaa umbali gani na ngozi, na uliiwasha kwa muda gani? Majibu yanayokuja mara nyingi ni "karibu tu" na "mpaka nilipochoka." Hapo ndipo kosa lilipo. Mwanga huu hufanya kazi kama dawa yenye dozi. Ukipungua hausaidii, na ukizidi faida yake hupungua badala ya kuongezeka. Anayetumia taa bila kupima umbali na dakika ni sawa na anayekunywa dawa ya maji kwa kukisia kwenye kiganja.

Mwongozo huu umepangwa ili usirudie kosa hilo. Usome wote kabla ya kuwasha taa, kwa sababu hatua ya kwanza inaweza kukuonyesha kwamba taa hii haikufai kabisa.

Vitu vya kuandaa

Taa yenyewe, iwe paneli, barakoa ya uso au pedi ya kufunga mwilini, lazima iwe imeandikwa urefu wa wimbi wa mwanga wake kwa nanomita. Kwa ngozi tunatafuta mwanga mwekundu wa nanomita 630 hadi 660. Kwa misuli tunatafuta pia infraredi, yaani mwanga ambao jicho haliuoni, ya nanomita 810 hadi 850, ambayo huzama ndani zaidi ya ngozi kuliko mwanga mwekundu. Taa nyingi nzuri zina aina zote mbili. Taa ambayo haina namba hizi popote, si kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelezo, usiinunue.

Utahitaji pia:

- miwani ya kukinga macho iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga huo; miwani ya jua ya kawaida haitoshi;
- tepu ya kupimia, ile ya fundi cherehani inatosha;
- simu yenye saa ya kuhesabu muda na kamera;
- daftari na kalamu;
- sabuni laini isiyo na manukato na taulo safi.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha nyuma ya taa kabla ya kuichomeka. Soketi zetu Tanzania na Kenya hutoa volti 230 hadi 240, ilhali baadhi ya vifaa vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani vimetengenezwa kwa volti 110 hadi 120 peke yake. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi volti, na taa ya namna hiyo huungua mara tu inapochomekwa. Kibandiko kikisema 100–240 V, huna haja ya kuhofu. Aidha, umeme ukikatika katikati ya kipindi, chomoa taa na usubiri dakika chache baada ya umeme kurudi ndipo uendelee, kwa kuwa umeme hurudi kwa kishindo na vifaa vya namna hii havikivumilii.

Taa zisizofaa, hata kama ni nyekundu

Taa ya kulelea vifaranga ndiyo inayoongoza kwa kuleta madhara. Ni ya bei nafuu, inapatikana katika kila duka la pembejeo, na huwaka wekundu unaovutia, kwa hiyo watu hudhani ni kitu kile kile. Siyo. Balbu ile, ambayo mara nyingi ni ya wati 250, imetengenezwa ili itoe joto, na sehemu kubwa ya nguvu yake huishia kuwa joto juu ya ngozi. Kijana mmoja anayekimbia mbio ndefu alinionyesha paja lake uwanjani: kuanzia juu ya goti hadi katikati ya paja kulikuwa na mistari ya kahawia iliyokolea, imepitana kama wavu wa kuvulia dagaa. Hakuwa ameungua hata siku moja kwa kiasi cha kupata malengelenge. Alikuwa amekaa mbele ya taa ya vifaranga nusu saa kila usiku kwa wiki kadhaa, na joto lile la kurudiarudia ndilo lililochora ngozi. Alama za aina hiyo huchukua miezi kufifia, na nyingine hazifutiki.

Balbu za rangi za sherehe nazo hazifai, kwa sababu wekundu wake hautoshi nguvu. Taa ya kukaushia rangi ya kucha hutoa mwanga wa urujuanimno (UV), ambao ni kinyume cha tunachotaka. Jua lenyewe lina mwanga mwekundu na infraredi kwa wingi, lakini huja pamoja na miale ya urujuanimno, na hapa kwetu karibu na ikweta miale hiyo ni mikali mwaka mzima. Kukaa juani kwa lengo la kutengeneza ngozi ni kuiharibu.

Zipo pia tiba za mwanga wa urujuanimno zinazotolewa hospitalini kwa magonjwa kama soriasisi na vitiligo, chini ya usimamizi wa daktari wa ngozi. Hizo ni jambo jingine kabisa, na taa ya mwanga mwekundu haiwezi kuchukua nafasi yake.

Hatua ya 1: Jichunguze mwenyewe kabla ya kuchunguza taa

Usianze bila kuzungumza na daktari ikiwa una lupasi, pofiria, au ugonjwa wowote unaofanya ngozi yako idhurike na mwanga. Ikiwa una uvimbe wa saratani au kidonda cha ngozi kisichopona ambacho hakijachunguzwa. Ikiwa una ugonjwa wa retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Au ikiwa una kifafa, maana baadhi ya taa humulika kwa kuwaka na kuzima. Mjamzito asimulike tumbo wala kiuno.

Kisha soma majina ya dawa unazotumia. Doksisaiklini, ambayo watu wengi hupewa kwa chunusi na kwa maambukizi mbalimbali, huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na mwanga. Ndivyo ilivyo kwa isotretinoini, kwa amiodaroni ya moyo, na kwa hidroklorotiazidi, kidonge kinachotumiwa sana na wagonjwa wa shinikizo la damu. Dawa hizi hugombana zaidi na miale ya jua kuliko na mwanga mwekundu, lakini swali moja kwa mfamasia halikugharimu kitu, na nakusihi uliulize. Usiache dawa uliyoandikiwa ili upate kutumia taa.

Nasema pia kwa uwazi kuhusu mkorogo. Ngozi iliyochubuliwa kwa krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi imepoteza ulinzi wake, na kuimulika ni kuiongezea mzigo. Acha mkorogo kwanza, muone daktari wa ngozi, na taa isubiri. Kwa walio kaskazini mwa Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ni mahali ambapo madaktari hawa husomeshwa na wagonjwa hutibiwa.

Watu wenye ualbino, macho yenu huumizwa na mwanga mkali kwa urahisi zaidi. Ngozi zenu zinahitaji kinga dhidi ya jua na uchunguzi wa mara kwa mara, na taa hii haitoi hata kimojawapo.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kuandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari lako: sina ugonjwa wowote kati ya hayo, dawa ninazotumia ni hizi, na mfamasia au daktari amesema hivi.

Hatua ya 2: Hakiki kwamba taa yako ndivyo inavyodai

Tafuta kwenye boksi au karatasi ya maelezo mambo matatu: nanomita, nguvu ya mwanga kwa miliwati katika kila sentimita mraba, na umbali ambao nguvu hiyo ilipimwa. Namba ya nguvu bila umbali haina maana yoyote, kwa sababu ukisogea nyuma mwanga hutawanyika na nguvu inayofika kwenye ngozi hushuka. Ukiona alama ya IEC 62471, hicho ni kiwango cha kimataifa cha kupima usalama wa taa kwa macho na ngozi. Maneno "imesajiliwa FDA" (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) peke yake yasikutulize, kwa maana kusajili kiwanda na kukaguliwa kwa kifaa ni mambo mawili tofauti. Hapa Tanzania mwenye mamlaka ya vifaa tiba ni TMDA, na Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Muuzaji anayedai kuwa taa yake hutibu ugonjwa fulani mwombe akuonyeshe kibali.

Baada ya hapo washa taa ukiwa umevaa miwani. Wengi hurudisha taa dukani wakilalamika kwamba nusu ya vitaa vyake havifanyi kazi, kumbe ni vya infraredi, ambayo jicho haliioni. Vile vya nanomita 810 huonekana kama kaa linalozimika, na vya 850 huonekana karibu kama vimezimwa. Ili kuhakikisha, fungua kamera ya mbele ya simu na uielekeze kwenye taa: vitaa vya infraredi vitang'aa kwenye kioo kwa rangi ya zambarau hafifu au nyeupe. Tumia kamera ya mbele, kwa kuwa kamera za nyuma za simu nyingi huchuja mwanga huo.

Onyo: kwa sababu infraredi haionekani, jicho halikunji wala kope hazifumbi kujikinga. Hii ndiyo sababu ya miwani. Mwaka 2019 kampuni ya Neutrogena iliiondoa sokoni barakoa yake ya mwanga wa kutibu chunusi kwa hofu ya madhara ya macho kwa watu wenye maradhi fulani ya macho au wanaotumia dawa zinazoongeza uwezekano wa kudhurika na mwanga. Kama kampuni kubwa kiasi hicho ilichukua tahadhari, sisi nasi tuichukue.

Hatua ya 3: Pima umbali na upige hesabu ya dozi

Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika mwongozo huu.

Dozi ya mwanga hupimwa kwa jouli katika kila sentimita mraba ya ngozi. Kanuni yake ni fupi: chukua jouli unazotaka, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa miliwati zinazofika kwenye ngozi. Jibu ni idadi ya sekunde.

Tuchukue mfano. Karatasi ya paneli inasema miliwati 60 kwa umbali wa sentimita 30. Unataka kuanza na jouli 4 usoni. Nne mara 1,000 ni 4,000. Gawanya kwa 60, unapata sekunde 67, yaani dakika moja na ushei. Wengi hushtuka wanapoona jibu hilo, kwa kuwa walikuwa wakikaa mbele ya taa hiyo hiyo dakika 20. Dakika 20 kwa nguvu hiyo ni jouli 72, mara 18 ya dozi ya kuanzia.

Kuna jambo moja la kujua kuhusu namba za kwenye karatasi. Wauzaji wengi hupima taa zao kwa mita za nguvu ya jua, na mita hizo, zikielekezwa kwenye taa za LED, husoma juu kupita ukweli, wakati mwingine karibu maradufu. Kwa hiyo fanya hivi: wiki mbili za kwanza ichukulie namba ya karatasi kuwa ni kweli, ambayo itakupa muda mfupi na salama. Ngozi ikitulia, ongeza muda kidogo kidogo, lakini usivuke mara mbili ya hesabu yako. Katika mfano wetu, utaanza na sekunde 67 na kikomo chako kitakuwa sekunde 134.

Dozi za kuanzia ninazopendekeza ni jouli 3 hadi 4 kwa uso, na 6 hadi 8 kwa misuli mikubwa ukitumia paneli. Anayetumia barakoa yenye saa yake ya ndani aanze na theluthi ya muda uliowekwa na kiwanda kwa wiki ya kwanza, kisha apande taratibu hadi muda kamili.

Sasa pima umbali kwa tepu, kutoka kwenye uso wa vitaa hadi kwenye ngozi, siyo hadi kwenye ukingo wa kiti. Weka alama sakafuni kwa gundi ya karatasi mahali miguu ya kiti inapokaa. Nimewahi kumwona mtu akipima vizuri siku ya kwanza, halafu siku ya tano goti lake lilikuwa limesogea sentimita 12 mbele bila yeye kujua, na dozi yake yote ilikuwa imebadilika.

Kwa wenye ngozi nyeusi, ambao ndio wengi wetu, kuna sababu ya ziada ya kuanza chini. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mwanga mwekundu na kuugeuza joto, kwa hiyo taa ile ile huipasha ngozi nyeusi zaidi kuliko nyeupe. Majaribio ya usalama yaliyofanyika Marekani yaliona kikomo cha kuvumilia mwanga mwekundu kwa watu wenye ngozi ya rangi kikiwa jouli 320, wakati kwa weupe kilifika 480. Namba zote mbili ziko mbali sana juu ya dozi tunazotumia hapa, na hilo linatia moyo. Lakini zinaonyesha pia kwamba maelekezo yaliyoandikwa kwa ngozi nyeupe hayapaswi kunakiliwa kama yalivyo.

Umefaulu ikiwa daftari lako lina mstari mmoja wenye namba nne: miliwati, sentimita, sekunde, jouli.

Hatua ya 4: Jaribu sehemu ndogo kwanza

Mulika sehemu ya ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, kwa dozi uliyoihesabu. Subiri saa 48. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo usitegemee macho peke yake: gusa kwa mgongo wa vidole ukilinganisha na mkono mwingine. Ngozi ikiwa na joto baada ya saa moja, ikiwasha, ikikaza, au ikianza kubadilika rangi, acha na utafute ushauri. Joto jepesi wakati taa inawaka, linalopotea baada ya dakika chache, ni la kawaida.

Hatua ya 5: Uso

Nawa uso kwa sabuni laini, kisha ukaushe kwa kuupigapiga taulo bila kusugua. Uso uwe mtupu. Vipodozi huzuia mwanga, na mafuta ya kujikinga na jua yenye zinki au titani huurudisha, kwa hiyo anayemulika uso uliopakwa anamulika vipodozi. Krimu za retinoli na zenye tindikali zipakwe baada ya taa, kamwe si kabla yake.

Vaa miwani. Kaa kwenye alama zako. Weka saa ya simu kwa sekunde ulizohesabu na uzime taa inapolia, hata kama unajisikia vizuri. Mulika mara tatu kwa wiki, kwa kupisha siku. Katika utafiti mmoja uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2014, washiriki walimulikwa mara mbili kwa wiki hadi vipindi 30, na ndipo mabadiliko ya mikunjo na ya ulaini wa ngozi yalipolinganishwa na ya watu ambao hawakumulikwa. Vipindi 30 kwa mwendo huo ni zaidi ya miezi mitatu. Hesabu muda huo kabla ya kusema haijafanya kazi.

Kwa nini inachukua muda hivyo? Mwanga huu hupokelewa ndani ya seli, katika mitokondria, na kuzisaidia kutengeneza nishati. Seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hufanya kazi hiyo polepole, na kolajeni mpya haiwezi kuonekana juu ya ngozi kwa siku kumi. Wiki tatu za kwanza usitegemee kuona chochote. Kati ya wiki ya nne na ya nane, wanaofanikiwa husema ngozi imekuwa laini inapoguswa, na chunusi zilizovimba zinatulia mapema. Mikunjo myepesi hupungua baadaye. Mikunjo mirefu na makovu ya mashimo hayaondolewi na taa ya nyumbani.

Maonyo mawili ni ya kuzingatia sana hapa. La kwanza ni mwanga wa buluu, ambao barakoa nyingi huwa nao kama kitufe cha ziada, karibu na nanomita 415. Ni kweli kwamba huua bakteria wa chunusi, lakini katika ngozi zenye melanini nyingi mwanga wa buluu wa aina hiyo unaweza kuamsha weusi unaodumu kwa miezi. Dada mmoja alinionyesha picha zake mbili: ya kwanza ina chunusi tano kwenye shavu, ya pili haina chunusi hata moja, ila mahali pa kila chunusi pana duara jeusi kama lililochorwa kwa mkaa. Alikuwa akitumia buluu kila usiku. Ushauri wangu kwa mwenye ngozi nyeusi ni kutokigusa kitufe hicho bila usimamizi wa daktari.

La pili ni mabaka meusi ya mashavuni na kwenye paji la uso, yale ambayo wanawake wengi huyapata wakati wa ujauzito au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mabaka hayo huchochewa na joto na mwanga, na taa inaweza kuyazidisha. Kinachoyasaidia ni kinga dhidi ya jua kila siku na ushauri wa daktari. Usiyamulike.

Hatua ya 6: Misuli

Amua kwanza unataka kumulika lini. Watu wengi huja na taa baada ya mazoezi, wakati miguu imeshakuwa kama magogo, lakini ushahidi wenye nguvu zaidi uko upande wa kumulika kabla. Watafiti wa michezo wa Brazil, akiwemo Ernesto Leal-Junior ambaye amelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi, hupendekeza kumulika kati ya dakika 5 na saa 6 kabla ya zoezi. Anayejiandaa kwa mbio ndefu za Jumapili asubuhi, kwa mfano Kilimanjaro Marathon, atamulika mapaja na vigimbi alfajiri, kabla ya kuvaa viatu. Hata hivyo usijaribu siku ya mbio kwa mara ya kwanza. Jaribu katika mazoezi.

Sehemu kubwa ya tafiti za misuli ilitumia vifaa vinavyogandamizwa moja kwa moja kwenye ngozi, siyo paneli zilizosimama mbali. Kugandamiza kuna faida mbili: hakuna mwanga unaorudi nyuma, na damu ya juu ya ngozi husogezwa pembeni ili mwanga uzame. Kwa hiyo mwenye pedi au kifaa cha mkononi yuko karibu zaidi na kilichothibitishwa kuliko mwenye paneli. Mwenye paneli asikate tamaa, ila asitarajie namba zile zile.

Kwa kifaa cha kugandamiza, hesabu ni nyepesi: wati za mwanga mara sekunde ni jouli, na hapa ni jumla ya jouli zote, siyo za kila sentimita mraba. Zingatia kuwa ni wati za mwanga unaotoka, siyo wati za umeme zilizoandikwa kwenye plagi. Dozi zilizofanya vizuri katika tafiti ni jouli 20 hadi 60 kwa msuli mdogo, kama ule wa mbele wa mkono, na 60 hadi 300 kwa misuli mikubwa kama ya paja. Kifaa chenye nusu wati ya mwanga kikikaa mahali pamoja kwa sekunde 60 kimetoa jouli 30. Sehemu sita za mbele ya paja, tatu kila upande wa mstari wa katikati, zitakuwa jouli 180, ambazo zinatosha.

Vua suruali au kaptura inayofunika msuli. Kitambaa hata chepesi hukata mwanga. Futa jasho na mafuta ya kuchua, hasa yale ya moto, kwa sababu ngozi iliyopakwa mafuta ya moto kisha ikamulikwa huwaka vibaya. Gandamiza bila kuumiza, shikilia, hesabu, sogea. Mulika miguu yote miwili kwa dozi sawa baada ya kipindi cha majaribio nitakachokieleza hapa chini.

Usimulike mguu uliovimba ghafla upande mmoja, wenye joto na maumivu kwenye kigimbi, kwa kudhani ni msuli. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na mahali pake ni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mkojo ukigeuka rangi ya kahawia kama soda nyeusi baada ya zoezi kali, misuli imevunjika kiasi cha kuhatarisha figo. Taa haina kazi hapo.

Hatua ya 7: Andika na upime kama kweli inakusaidia

Maumivu ya misuli ya siku ya pili hubadilika sana hata bila taa, kulingana na usingizi, chakula na mwinuko wa barabara uliyokimbia. Ndiyo maana hisia peke yake hudanganya. Kwa wiki tatu mulika mguu mmoja tu, ule ule kila mara. Asubuhi ya pili baada ya kila zoezi gumu, shuka ngazi kumi polepole na uandike maumivu ya kila paja kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Siyo kipimo cha maabara, lakini ni bora kuliko kukisia. Tofauti ikionekana mara nne kati ya sita, taa inakusaidia kwa kiasi fulani. Isipoonekana, ongeza dozi ndani ya kikomo chako na urudie. Ikikosekana tena, fedha yako itakuwa na kazi bora kwenye chakula na viatu.

Kwa uso, piga picha kila baada ya wiki mbili: dirisha lile lile, saa ile ile, uso mtupu, simu ikiwa imezimwa vichujio vyote vya urembo. Usijitazame kila siku kwenye kioo. Linganisha ya wiki ya kwanza na ya wiki ya kumi na mbili.

Mambo yakienda kombo

Ngozi ikikauka na kukaza, punguza dozi kwa nusu na upake mafuta laini baada ya taa. Ukipata maumivu ya kichwa au macho kuchoka, kagua miwani na umbali. Mara nyingi mwanga unapenya pembeni mwa miwani isiyokaa vizuri. Chunusi zikiongezeka katika wiki ya pili, kagua barakoa yenyewe: ile pedi ya ndani hukusanya mafuta na jasho, na isipofutwa kwa kitambaa chenye spiriti kila baada ya kutumika huwa chanzo cha uchafu. Ukiona weusi mpya mahali unapomulika, acha siku hiyo hiyo, jikinge na jua, na upeleke daftari lako kwa daktari wa ngozi. Akiona miliwati, sentimita na sekunde zimeandikwa, atajua kwa haraka kilichotokea, jambo ambalo "niliwasha mpaka nilipochoka" haliwezi kumwambia.